Mkaguzi wa vyuma aliyeambiwa ‘ni mmoja wetu’, kodi ikamfuata

SAA moja kasoro robo asubuhi. Clifford Garbutt amepiga goti moja juu ya kipande cha zulia kuukuu, mbele ya bomba la chuma lenye upana wa kupitisha basi. Anapaka ute mzito kama jeli kwenye mshono uliochomelewa jana, kisha anatelezesha juu yake kifaa kidogo kinachopeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma. Macho yako kwenye skrini iliyoning'inia shingoni.

“Huyu mzima,” anasema. Anasogea hatua moja. “Huyu pia mzima.” Anasogea tena, anarudisha kifaa nyuma, anakunja uso. Anachukua chaki ya njano na kuchora duara. “Huyu mgonjwa. Kwa macho humwoni, lakini ndani amepasuka.”

Bomba hilo litasimamishwa baharini kubeba mtambo wa kufua umeme kwa upepo. Karakana iko kando ya mto Tees, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na Garbutt, mwenye umri wa miaka 59, amekagua viungo vya chuma kwenye kingo za mto huo tangu akiwa na miaka 22.

Kutoka kwenye kibanda cha chai sauti nzito inamfikia. Ni ya Malcolm Speight, msimamizi wa zamu.

“Bwana Mkurugenzi! Unakuja kunywa chai, au unasubiri kwanza ruhusa ya wakili?”

Watu wanacheka. Garbutt naye anacheka, ila kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba ni utani.

Kuna sababu. Kwa karibu miezi kumi na minne mkaguzi huyu hakuwa na jibu la swali moja alilokuwa akiulizwa kwa barua, kwa simu na mbele ya maofisa: je, wewe ni mwajiriwa wa karakana hii, au ni mfanyabiashara anayekuja kuiuzia huduma?

“Ukiniuliza kuhusu chuma nitakujibu,” anasema akijifuta mikono. “Ukiniuliza mimi ni nani, nenda kamuulize mwanasheria. Na ukimuuliza leo, kesho muulize tena, maana watakuwa wamebadilisha.”

Mambo yalianza mwaka 2004, karakana aliyokuwa ameajiriwa ilipofungwa. Anakumbuka aliachishwa kazi siku ya Ijumaa pamoja na wenzake mia mbili. Jumatano iliyofuata alipigiwa simu na kampuni iliyonunua mitambo ile ile. Walimtaka arudi, lakini si kama mwajiriwa. Aende na kampuni yake.

“Nikawaambia sina kampuni. Wakasema, tengeneza,” anasimulia. “Mke wangu akajaza fomu mezani, tukiwa tunakula. Aliniuliza kampuni iitwe nani. Nikamwambia andika jina letu, basi. Jumatatu nikarudi, mlango ule ule, kofia ile ile. Tofauti ni kwamba nilikuwa mkurugenzi.”

Kwa miaka mingi hakuona tabu. Alijinunulia vifaa vyake, alilipia vyeti vyake, alikaa bila malipo kazi ilipokosekana. Sheria ya kodi hata wakati huo ilikuwa na mtego: mtu mwenye kampuni ya mtu mmoja, lakini anayefanya kazi kama mwajiriwa, alitakiwa alipe kodi kama mwajiriwa. Aliyepaswa kuamua yuko upande gani alikuwa mwenyewe, na akikosea, mzigo ni wake.

Mhasibu wake wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyemshauri akate bima ya uchunguzi wa kodi. Si bima ya kulipa kodi. Ni ya kulipa gharama za mtaalamu wa kukutetea, siku ofisi ya kodi ikiamua kukuchunguza. Ilikuwa pauni 190 kwa mwaka.

Mkewe, Noreen, aliyestaafu kazi ya ukarani wa zahanati, hakuipenda tangu mwanzo.

“Nilimwambia, Cliff, unalipia mwavuli wa kukaa nao ndani ya nyumba,” anasema mama huyo, akicheka huku akimimina chai nyumbani kwao Redcar. “Gari tunalo limeoza mlango, yeye anakatia bima barua ambayo haijaandikwa!”

Garbutt aliilipia miaka kumi na sita mfululizo, hakuigusa hata siku moja.

Mwezi Aprili 2021 sheria ikabadilika. Sasa wa kuamua nani ni mwajiriwa na nani si mwajiriwa akawa ni mteja, kama ni kampuni kubwa, si fundi mwenyewe. Karakana iliogopa kubeba mzigo wa kukosea. Asubuhi moja wakandarasi wote thelathini na wanane, mafundi wenye kampuni zao kama Garbutt, waliitwa kwenye chumba cha mikutano na kuambiwa kwamba kuanzia wiki ile watakatwa kodi kama waajiriwa.

“Jamaa mmoja mpaka rangi akanyoosha mkono,” anakumbuka Garbutt. “Akauliza, kwa hiyo tutapata likizo ya kulipwa? Wakasema hapana. Pensheni? Hapana. Nikiugua? Hapana. Akauliza, sasa mimi mwajiriwa wa nani? Mama wa ofisini akatazama karatasi yake, akasema, ‘Kwa mambo ya kodi tu.’ Tulitoka pale tukitazamana kama watu walioshuka kituo kisicho chao.”

Aliona hana haja tena ya bima. Uamuzi haukuwa wake, mzigo pia si wake. Akaacha kulipa. Noreen akanunua mashine mpya ya kufulia.

Septemba mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba kuanzia Aprili mabadiliko yale yangefutwa na wakandarasi wangerudi kujiamulia wenyewe. Garbutt alisikia habari hizo redioni akiwa njiani. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, akapiga simu na kukata bima upya.

Wiki tatu baadaye waziri alikuwa mwingine, na tangazo likafutwa. Mambo yakabaki kama yalivyokuwa.

“Niliwapigia wale wa bima nidai hela yangu,” anasema. “Nikawekewa muziki. Dakika arobaini nasikiliza kinanda. Kisha winchi ikanipigia honi, kuna bomba linashushwa. Nikakata simu, nikasema nitapiga kesho. Sikupiga.”

Januari 2023 ilikuja bahasha ya kahawia.

Ofisi ya kodi haikuuliza juu ya mwaka huo, wala mwaka uliotangulia. Ilitaka kujua kuhusu kazi alizofanya kati ya 2018 na 2020, wakati ambao aliyepaswa kuamua alikuwa bado Garbutt mwenyewe. Kama angeonekana alikuwa mwajiriwa muda wote ule, angedaiwa takriban pauni 48,000 pamoja na riba. Nyumba yao walikuwa wamebakiza miaka minne kuimaliza.

“Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido na koti,” anasema Noreen. “Niliposoma mara ya pili nikakaa kwenye ngazi. Yeye alikuwa jikoni anauliza, ‘Ni nani? Wa gesi?’ Nikamwita aje asome.”

Bima ile waliyoisahau ndiyo iliyowapeleka kwa Rukhsana Bashir, mshauri wa kodi mwenye ofisi juu ya duka la miwani katikati ya Middlesbrough. Mama huyu wa watoto watatu, mzaliwa wa mji huo huo, anakumbuka walivyoingia.

“Walikaa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali,” anasema. “Nikawaambia jambo la kwanza: bima inaangalia barua imekuja lini, siyo kazi ilifanyika lini. Barua imekuja Januari, bima mmekata Septemba. Mko ndani. Mzee Cliff akaniuliza, ‘Yaani nimeokolewa na sheria iliyokufa?’ Nikamwambia, hata mimi ningetaka kukueleza vizuri zaidi, lakini ndivyo hivyo.”

Furaha hiyo haikudumu hata saa moja. Rukhsana aliwauliza kama kabla ya kukata bima waliwahi kupokea barua yoyote kutoka ofisi ya kodi. Garbutt akasema hapana. Noreen akatazama dirishani.

“Nikaona anachezea mkufu,” anasema Garbutt. “Ninamjua mke wangu. Nikamuuliza, ‘Noreen, nini?’ Akasema, ‘Agosti.’”

Ilikuwa kwenye droo ya jikoni, katikati ya betri na karatasi za bei za duka la vyakula wanakonunua parmo, kuku wa kukaanga mwenye jibini, siku za Ijumaa. Barua ya ukurasa mmoja, ikiwakumbusha wenye kampuni ndogo wahakikishe wamejipanga upande sahihi wa sheria. Noreen alidhani ni tangazo.

Kama ile ilihesabika kuwa mwanzo wa uchunguzi, basi Garbutt alikata bima akijua moto umeshawaka, na kampuni ya bima isingelipa hata senti.

Walirudi nayo kwa Rukhsana siku iliyofuata. Garbutt hafichi kwamba ndani ya gari walizozana.

“Nilimwambia Noreen, tungeweza tu kuichoma. Hakuna anayejua,” anasema. “Akaniambia, ‘Wewe kazi yako ni kuchora duara pale penye ufa. Leo unataka kufuta?’ Nikawasha gari.”

Barua ikaambatanishwa kwenye maombi yao. Kampuni ya bima ikachukua wiki saba kujibu. Katika wiki hizo Garbutt alipungua kilo sita, na hapo ndipo tabia yake kazini ilipobadilika.

Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba wachunguzi huangalia jinsi mtu anavyoishi kazini. Akaacha kuingia kibanda cha chai. Akawa anakaa garini na chupa yake, kioo kimepandishwa. Siku ya kuzaliwa kwake wenzake walimletea keki. Akasimama mlangoni, akawashukuru, akakataa kuikata.

“Nilijiambia, nikinywa chai nao, mimi mwajiriwa. Nikinywa peke yangu, mimi mfanyabiashara,” anasema. “Sasa naona aibu hata kukusimulia. Lakini nilikuwa sijui kipi kitaandikwa wapi.”

Malcolm Speight hakuelewa. Wamefahamiana miaka ishirini na saba, na ndiye aliyemshika mkono Garbutt siku ya mazishi ya mama yake.

“Nilidhani ana ugonjwa,” anasema Malcolm. “Au nimemkosea. Nikamfuata garini, nikagonga kioo. Nikamwambia, ‘We Cliff, tumekufanya nini?’ Akashusha kioo kidogo tu, hivi, akasema, ‘Malcolm, siruhusiwi kuwa rafiki yako mpaka barua ijibiwe.’ Nikaondoka.”

Garbutt hakumwambia zaidi, na hilo lilimgharimu. Maana barua nyingine, ya kirafiki kabisa, ilikuwa imefika mezani kwa Malcolm. Ofisi ya kodi ilitaka karakana ieleze namna Garbutt alivyofanya kazi.

Malcolm aliijibu kwa moyo wake wote. Aliandika kwamba Cliff Garbutt si mtu wa kupita. Ana kabati lake la chuma lenye jina. Huja kwenye sherehe ya Krismasi. Akichelewa wanampigia simu kujua kama mzima. Akamalizia: “Tunamhesabu kuwa mmoja wetu.”

Rukhsana alipopata nakala, aliwaita wanandoa hao ofisini.

“Nilisoma barua ile ikanipa furaha na kuniumiza kwa wakati mmoja,” anasema. “Hakuna mtu aliyewahi kumsifu mteja wangu kiasi kile. Na kila sentensi ilikuwa inamfunga.”

Garbutt hakukasirika. Anasema aliomba kuisoma mwenyewe, polepole, hadi mwisho.

“Miaka yote ile sikujua kama wananiona hivyo. Malcolm huwezi kumtoa neno zuri hata ukimnyonga. Ananiita Mkurugenzi, ananiita mzee goti. Kumbe ameandika vile. Na mimi nikawa natamani angesema simfahamu.”

Jibu la bima lilikuja Machi: wamekubali. Barua ya Agosti ilitumwa kwa maelfu ya kampuni, haikuwa uchunguzi wa mtu. Watagharimia utetezi wote.

Hapo kazi yenyewe ikaanza. Rukhsana alihitaji kuonyesha kwamba mteja wake alikuwa huru kama mfanyabiashara yeyote, na njia nzuri kuliko zote ilikuwa kuthibitisha kwamba aliwahi kutuma mtu mwingine badala yake. Mwajiriwa hatumi mtu. Mwenye kampuni anaweza.

Garbutt alikuwa amefanya hivyo mara moja. Mwaka 2018 alipopasuliwa goti, alimtuma Douglas Tweddle, au Dougie kama wanavyomwita, mkaguzi mwenzake, kwa siku kumi na moja, akamlipa kutoka kampuni yake. Lakini Tweddle alikuwa amehamia Hispania na karatasi zake zilishatupwa. Aliyeweza kujua kama bado kuna ushahidi wa siku zile alikuwa mtu mmoja tu, yule yule ambaye Garbutt alikuwa akimkwepa.

Ikabidi Garbutt aingie kibanda cha chai.

“Aliingia, watu wote wakaweka vikombe chini,” anasimulia Malcolm. “Akavua kofia. Akanieleza yote, mbele yao, tangu bahasha mpaka barua yangu. Nikamwambia, ‘Kaka, mimi nilidhani nakusaidia!’ Akasema, ‘Najua. Ndiyo maana nimekuja.’”

Malcolm alikumbuka kitabu cha getini. Mgeni yeyote asiye na kitambulisho cha karakana alitia saini pale. Alitumia siku mbili za mapumziko yake katika ghala la nyuma, kwenye makasha yaliyolowa mvua, mpaka akakipata. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Alizitenganisha kwa kisu cha siagi, moja moja. Jina lilikuwepo mara kumi na moja, na pembeni yake, kwa mwandiko wa mlinzi: “Badala ya Garbutt.”

“Nikampigia simu hapo hapo, mikono imejaa ukungu,” anasema. “Sikusema habari wala nini. Nilisema tu, ‘Dougie yumo!’”

Majibu ya mwisho yalitolewa mwaka jana mwezi Machi, na yanamchanganya Garbutt hadi leo.

Kwa mkataba wa kwanza, wa miezi kumi na tisa, ofisi ya kodi ilikubali kwamba alikuwa mfanyabiashara. Hadaiwi kitu. Kwa mkataba wa pili, wa miezi mitano ya mwaka 2020, ilisema alikuwa mwajiriwa. Kisa: wakati wa janga la korona, karakana iliandika kwamba ni yeye peke yake anayeruhusiwa kupita getini. Hapakuwa na nafasi ya kutuma mtu.

“Karakana ile ile, zulia lile lile, Malcolm yule yule ananipigia kelele,” anasema Garbutt, akihesabu kwa vidole. “Desemba mimi mfanyabiashara. Mwezi wa nne nimekuwa mwajiriwa. Sikuhisi chochote! Ungedhani mtu angehisi hata kidogo.”

Alilipa pauni 5,740 za mkataba ule wa pili, na hizo bima haikuzigusa. Kazi ya Rukhsana ilifika pauni 12,300, na zote zililipwa na bima ambayo Garbutt alishindwa kuifuta kwa sababu ya winchi.

Je, anajiona ameshinda?

“Noreen anasema tumeshinda. Rukhsana anasema tumeshinda vizuri. Mimi nasema nyumba ipo.” Anafikiri. “Lakini sijawahi kuelewa nilikosea nini, kwa hiyo sijui nisirudie nini.”

Rukhsana anasema hayuko peke yake. Katika watu kumi wanaopanda ngazi zake, anakadiria, saba hawajaficha kitu. Wameshindwa tu kujua waliko. Na mwaka huu kuna jipya: vipimo vya kampuni ipi ihesabiwe ndogo vimebadilika. Karakana ya Garbutt inaweza kuangukia upande wa kampuni ndogo, na uamuzi ukarudi kwake.

Amekata bima tena ya mwaka huu. Noreen mwenyewe ndiye aliyepiga simu.

“Na nikasubiri mpaka muziki wote ukaisha,” anasema mama huyo.

Kuna jambo jingine, na Garbutt analieleza kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kuliharibu. Chuo cha ufundi mjini Middlesbrough kimempa siku mbili kwa wiki kuanzia Septemba, kufundisha ukaguzi wa vyuma. Siku tatu zilizobaki ataendelea na karakana. Chuoni hatakwenda na kampuni. Ataajiriwa.

Aliupeleka mkataba kwa Rukhsana ausome kabla hajatia saini. Mshauri huyo aliusoma wote, akamrudishia, akamwambia hauna tatizo lolote. Garbutt hakuridhika. Akaenda mwenyewe chuoni kumuuliza ofisa utumishi kuhusu kipengele kimoja.

“Nilimwonyesha kwa kidole. Pameandikwa likizo ya malipo. Nikamuuliza, ‘Yaani nisipokuja, mnanilipa?’ Akasema ndiyo. Nikamuuliza, ‘Na hakuna wa kuja miaka mitano baadaye kuniambia haikuwa likizo?’ Yule dada akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, ‘Bwana Garbutt, ni likizo tu.’”

Noreen ameshapanga. Wiki ya mwisho ya Oktoba wamechukua chumba kinachotazama bandari ya Whitby, chumba chenye dirisha kubwa na viti viwili. Itakuwa likizo ya kwanza ya kulipwa kwa mumewe tangu mwaka 2004.

“Ameniuliza nitafanya nini huko siku saba nzima,” anasema Garbutt. Anaokota kipande chake cha zulia na kukikung'uta. “Nimemwambia sijui. Nitakaa kwenye kiti. Tutaona inakuwaje.”